Joto ndilo hupima ukubwa wa kaburi la taka za nyuklia

Taka za nyuklia zinapotajwa, wengi huwaza miale hatari na saratani. Wahandisi wanaochimba makaburi ya taka hizo chini ya ardhi wana adui mwingine wa kupambana naye, naye ni joto.

Kinu cha nyuklia kikizimwa, fueli iliyomo haipoi kama makaa yaliyomwagiwa maji. Mara tu baada ya kuzimwa bado hutoa takriban asilimia 6 ya nguvu za kinu, kwa kuwa atomu zilizopasuliwa huacha mabaki yasiyotulia, nayo huendelea kuvunjika na kutoa joto. Siku moja baadaye kiwango hicho huwa kimeshuka chini ya asilimia 1. Kutoka hapo safari ni ndefu. Seziamu-137 na strontiamu-90, ambazo ndizo chanzo kikuu cha joto katika miongo ya kwanza, hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 30 hivi, na hakuna kemikali iwezayo kuziharakisha.

Ndiyo maana Uswidi huiweka fueli iliyotumika katika vidimbwi vya maji huko Oskarshamn, kwenye ghala lililofunguliwa mwaka wa 1985. Humo hukaa kwa miongo kadhaa kabla ya kuzikwa. Kungoja huko si uzembe wa serikali, bali ni sehemu ya mpango wenyewe. Kwa nchi inayowazia kinu chake cha kwanza, Kenya ikiwemo, maana yake ni kwamba fueli ya mwisho ya kinu kitakachofanya kazi miaka 60 itafaa kuzikwa karibu karne moja baada ya kinu hicho kuwashwa.

Kaburi la Uswidi litakuwa Forsmark, takriban mita 500 chini ya ardhi. Serikali iliidhinisha mradi huo Januari 2022, na ujenzi ukaanza Januari 2025. Fueli itafungiwa ndani ya mitungi ipatayo 6,000 ya chuma, iliyovikwa shaba yenye unene wa sentimita 5. Kila mtungi utashushwa katika shimo lake na kuzungushiwa bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi ambao ukilowa hufura na kuziba nyufa.

Udongo huo ndio unaolindwa. Ukipashwa joto kupita kiasi kwa muda mrefu, huenda ukabadilika na kupoteza uwezo wa kufura. Kwa hivyo umewekewa mpaka wa nyuzi 100 za selsiasi, na mtungi hauruhusiwi kutoa zaidi ya wati 1,700 siku ya kuzikwa. Hilo ni joto la pasi ya umeme tu. Lakini pasi hii haizimwi, tena imezikwa mahali pasipo upepo.

Juu ya ardhi, hewa hupanda na kubeba joto. Kule chini njia kuu ni moja: joto lipenye mwambani, chembe ikipasha chembe, kama kijiko cha chuma kilichoachwa ndani ya uji moto. Mwamba wa Forsmark una kwatzi nyingi, madini yanayopitisha joto vizuri. Tatizo liko karibu na mtungi. Bentonaiti kavu hupitisha joto kwa shida kuliko iliyolowa, na ule mwanya mwembamba wa hewa kati yake na shaba hufanya kazi ya blanketi. Maji huenda yakachukua miaka mingi kufika, hivyo wahandisi hupiga hesabu kana kwamba shimo litabaki kavu.

Aidha, mitungi ikikaribiana hupashana joto. Mashimo yametenganishwa kwa angalau mita 6, na mahandaki kwa mita 40, hata sehemu kubwa ya kaburi hilo ni mwamba mtupu. Joto karibu na mtungi hufikia kilele miaka 10 hadi 20 baada ya kuzikwa, ilhali mwamba wa mbali huendelea kupata moto kwa mamia ya miaka.

Marekani ilifikiria kinyume. Katika mlima mkavu wa Yucca, Nevada, uliochaguliwa mwaka wa 2002, joto lingeachwa lipande ili livukize maji na kuyafukuza mbali na mitungi. Wazo hilo lilikuwa la kijasiri, ingawa kulitabiri ni kugumu kuliko kutoruhusu maji yachemke. Serikali ya Rais Barack Obama iliusimamisha mradi huo.

Huko Uswidi, fueli iliyotumika muda mrefu zaidi kinuni hutoka ikiwa moto zaidi. Hiyo itachanganywa na ya zamani iliyopoa, ndani ya mtungi mmoja, ili wati 1,700 zisipitwe.