Alama Imefutika, Je Taarifa Zinatosha?

Tuseme unakopa dukani kwa Mangi hapa Kihonda. Mvua imelowesha daftari la madeni, na mstari wako sasa unasomeka hivi: 2 □ 2. Alama imefutika, jumla nayo imefutika. Mangi huandika kwa maelfu, na kwenye madeni ana alama mbili tu: kujumlisha (ulikopa elfu 2, ukarudi ukakopa elfu 2 nyingine) au kuzidisha (vitu 2, kila kimoja elfu 2). Je, unaweza kujua unadaiwa kiasi gani?

Unaweza. Ni elfu 4 kwa vyovyote vile. Alama huijui, ila jibu unalo. Sasa mstari wa jirani yako unasomeka 3 □ 2. Huyo anadaiwa ama elfu 5 ama elfu 6, na elfu moja hiyo inatosha kabisa kuwagombanisha na Mangi.

Maswali ya namna hii yapo kwenye GMAT, mtihani ambao vyuo vingi vya biashara duniani hutumia kuchuja waombaji wa MBA. Unapewa swali na taarifa mbili. Huulizwi jibu ni nini. Unaulizwa kama taarifa zinatosha kulipata: ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, yoyote kati ya hizo, zote kwa pamoja, au hata pamoja hazitoshi.

Chukua mfano huu. ▲ ni mojawapo ya +, −, ×, ÷. Je, 6 ▲ 2 ni ngapi?

Taarifa ya 1: 2 ▲ 2 = 4.
Taarifa ya 2: 5 ▲ 1 = 5.

Pitisha alama zote nne kwenye kila taarifa. Ya 1 inabakiza + na ×, kwa hiyo jibu ni 8 au 12. Haitoshi. Sasa isahau kabisa hiyo ya 1 (hapa ndipo wengi wanakwama, wanaibeba kichwani bila kujua). Ya 2 inabakiza × na ÷, yaani 12 au 3. Nayo haitoshi. Ziweke pamoja: iliyopita kote ni × tu. Zinatosha zikiwa pamoja.

Hadi hapo ni rahisi. Mtego ni kudhani kwamba zikibaki alama mbili basi taarifa haitoshi. Badilisha swali liwe: 9 ▲ 1 ni ngapi? Taarifa ya 2 peke yake sasa inatosha, kwa sababu 9 × 1 na 9 ÷ 1 zote ni 9. Kwa hiyo usihesabu alama zilizobaki, hesabu majibu yaliyobaki.

Maswali ya ndiyo au hapana yanawachanganya watu zaidi. Je, 7 ▲ 1 ni zaidi ya 7? Tunajua 0 ▲ 3 = 0. Zinabaki × na ÷, na zote zinatoa 7 kamili. Jibu ni hapana, tena bila shaka yoyote, kwa hiyo taarifa inatosha. Wengi wakiona "hapana" wanaandika "haitoshi", wakati isiyotosha ni ile inayokuacha na "labda".

Jaribu na hii, ila usiamue kwa macho tu: 4 ▲ 2 = 2. Inatosha kujua 9 ▲ 3? Je, 4.5 ▲ 3?