Kisian Ianze na Njia, Nyumba Zifuate

Barabara ya kutoka Kisumu kwenda Busia hupita uwanja wa ndege na soko la Otonglo, na baada ya kilomita kama 12 hufika Kisian, inapogawanyika: tawi moja linaendelea Maseno na Busia, jingine linashika njia ya Bondo na Usenge. Wasafiri wengi wanaijua Kisian kama mahali pa kubadilisha matatu, na watafiti wa malaria wa nchi nyingi wanaijua kwa kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI. Kwa anayetaka kuelewa miji yetu inavyozaliwa, Kisian ina umuhimu mwingine. Hapa shamba la mahindi na safu ya vyumba vya kupangisha bado vinapakana. Mwenye boma anakata kipande anauza, jirani yake anajenga vyumba vya mabati apate kodi, na mji unasogea bila mtu kuutangaza. Swali ni mji huo utakuwa wa namna gani. Hoja yangu ni kwamba jibu halitatoka kwenye ubora wa nyumba zenyewe. Litatoka kwenye nafasi inayoachwa kati ya nyumba na nyumba, yaani njia, mtaro na ua. Nyumba mbovu mwenyewe anaweza kuibomoa na kuijenga upya akipata pesa. Njia isiyoachwa mapema haipatikani tena ila kwa kuvunja ukuta wa mtu.

Ushahidi hauko mbali, uko Kisumu mjini. Reli ya Uganda ilifika ziwani Desemba 1901, na mji uliozaliwa hapo, ukaitwa kwanza Port Florence, ulipangwa kwa ajili ya wachache. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kuchunguza usafi wa miji ya Afrika Mashariki katika enzi ya hofu ya tauni, alishauri makazi yatenganishwe kwa rangi. Hivyo ndivyo Kisumu ilivyokua: Wazungu kwenye mwinuko wa Milimani wenye upepo wa ziwa, Wahindi katika mtaa wa maduka, na Waafrika pembeni, katika mitaa kama Kaloleni. Baadaye zikaja nyumba za manispaa, kama za Lumumba, Ondiek, Shauri Moyo na Arina, lakini hazikuwatosha watu waliokuja kutafuta kazi. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 mipaka ya mji ikasukumwa mbali, ikameza vijiji vilivyouzunguka. Manyatta na Nyalenda ziliingia mjini zikiwa na maboma yake, mashamba yake na makaburi yake. Ndiyo maana mitaa hiyo inatofautiana na Kibera au Mathare jijini Nairobi. Sehemu kubwa ya ardhi yake haikuvamiwa. Ni ardhi ya ukoo, yenye hatimiliki, na wenye nyumba wengi ni wajukuu wa waliokuwa wakilima hapo.

Jambo hili linaeleza umbo la mtaa kuliko takwimu yoyote ya umaskini. Boma la Mjaluo, dala, lina mpango wake. Nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, husimama ikitazama lango. Nyumba za wake wengine hupangwa kulia na kushoto. Vijana wa kiume hujenga simba zao karibu na lango. Katikati hubaki uwanja, na kuzunguka yote kuna ua wa ojuok, ule mmea wenye utomvu mweupe. Mwana akishaoa na kupata mtoto wa kiume, siku moja atahama akafungue dala lake mwenyewe. Mpango huo ulitegemea kitu kimoja: ardhi ya kuhamia. Mji ulipoizunguka Manyatta, ardhi ya kuhamia ikaisha. Wana wakabaki, uwanja ukakatwa vipande, na mahali pa ghala na zizi pakaota vyumba vya wapangaji. Dala likawa ploti. Kila familia ilifanya uamuzi wa busara ndani ya mipaka yake, lakini hakuna aliyesimamia kilicho nje ya mipaka hiyo, kwa kuwa kijijini njia ilikuwa ni kukatiza tu shambani kwa jirani.

Tuitazame ploti moja ya kawaida. Safu mbili za vyumba vya futi 10 kwa 10 zinatazamana, kuta ni za udongo uliopigwa lipu ya saruji kwa mbele, paa ni la mabati. Katikati kuna ukumbi mwembamba wa wazi, kamba za nguo juu, mabeseni chini, mwishoni choo cha shimo na bafu la mabati. Ndani ya chumba, pazia limegawanya kitanda na viti. Kwa mgeni, hii ni nyumba ndogo mno. Kwa anayeishi hapo, chumba ni mahali pa kulala na kuhifadhi vitu, na nyumba yenyewe ni ule ukumbi. Hapo jiko la makaa linawashwa, omena inachambuliwa, mtoto anaogeshwa, kazi ya shule inafanywa jua linapoelekea kutua, na mama anayekwenda sokoni Kibuye alfajiri anamwachia jirani mwanawe. Mtaani Obunga, ua ni karakana pia. Wanawake huchukua mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa kwa ajili ya soko la nje, wakaikausha na kuikaanga kwenye karai kubwa, na hiyo mgongo wazi ikawa kitoweo cha wasioweza kununua samaki mzima. Kazi hiyo haiwezi kufanyika chumbani. Ukiondoa ua, umeondoa jikoni, malezi na riziki kwa pamoja.

Basi tusiseme kwamba mitaa hii haina usanifu. Inao, na umejengwa na watu wanaojua wanachohitaji. Kilichokosekana ni sehemu isiyo ya mtu mmoja. Kila mwenye ploti alilinda ua wake, na nje ya mabati yake pakabaki ujia wa kupita mtu mmoja na ndoo yake. Mtaro hauna pa kupita, kwa hiyo maji ya mvua na ya kufulia yanapita mlangoni. Gari la zimamoto haliingii, wala lori la kunyonya choo. Kwa hiyo choo kikijaa huchimbwa kingine, mita chache kutoka kisimani. Watafiti waliopima visima vifupi vya Manyatta wamekuta mara nyingi maji yaliyochafuliwa na kinyesi, na hilo si ajabu mahali ambapo choo na kisima vinagawana ploti moja. Hata suluhisho zuri hukwama hapo. Kampuni ya maji ya KIWASCO ilibuni mtindo wa kuwauzia maji kwa jumla wasimamizi wa mtaani, nao wakayafikisha kwa wateja, na Nyalenda ilikuwa miongoni mwa mitaa ya mwanzo. Ni mtindo uliosaidia wengi. Lakini bomba lazima lipite mahali fulani, na pasipo na njia ya umma litapita kwa hisani ya mwenye ploti, hisani inayoweza kuisha siku yoyote.

Hapa Kisian ina ushahidi wake yenyewe, nao umetoka kwa watafiti wa kituo chake. Miaka ya 1990 ilipokuwa inaisha, KEMRI na Kituo cha Udhibiti wa Magonjwa cha Marekani, CDC, walifanya utafiti mkubwa wa vyandarua vyenye dawa katika maeneo ya Asembo na Gem. Vyandarua viliokoa watoto, kama ilivyotarajiwa. Jambo jingine lililojitokeza lilikuwa hili: hata nyumba zisizo na vyandarua, zilizokuwa ndani ya mita kama 300 kutoka zenye navyo, zilipata nafuu, kwa kuwa mbu walikuwa wamepungua eneo zima. Afya ya mtoto ilitegemea kitanda cha jirani. Tunajua pia kwamba mbu wanaoambukiza malaria huingia sana kwa ule uwazi ulio kati ya ukuta na paa, na kwamba nyumba iliyozibwa hapo huwa na mbu wachache. Lakini fundi akiziba paa vizuri kiasi gani, mtaro wa jirani uliotuama utaendelea kuzalisha mbu, na watu wataendelea kukaa nje jioni kwa sababu maisha yao yako uani. Kama afya inavuka ukuta wa nyumba, basi ujenzi nao hauwezi kuishia kwenye ukuta.

Wapo watakaopinga, na hoja zao ni nzito. Wa kwanza atasema: hii ni ardhi yangu, nimerithi kwa babu, nani ataniamuru niache kipande cha bure? Haki hiyo naiheshimu, na nisingependa ivunjwe. Lakini tupige hesabu. Chukua ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo ni kama mita 15 kwa 30. Ploti mbili zinazotazamana zikichangia njia ya mita 6, kila moja inatoa mita 3 kati ya 30, yaani sehemu moja ya kumi. Sehemu tisa zinazobaki zina barabara mlangoni, bomba, nguzo ya umeme na mahali pa lori la kunyonya choo. Kila anayenunua ploti anajua iliyo kando ya njia ina bei gani na iliyojificha nyuma ya wengine ina bei gani. Anayetoa mita hizo leo anaongeza thamani ya urithi wake. Asiyezitoa anawaachia wanawe kesi na majirani.

Wa pili atakumbusha historia, naye ana haki ya kuogopa. Mpango wa mji, kwa watu wengi wa Kisumu, umekuja ukiwa umebeba tingatinga. Ulianza na ubaguzi wa akina Simpson, na tangu uhuru tumeona vibanda na makazi yakibomolewa kwa jina la maendeleo. Anayeishi karibu na reli ya Butere, ambayo inapita Kisian, ana sababu ya kushtuka akisikia neno mpango. Lakini hofu hiyo inaunga mkono hoja ya kuanza mapema. Tingatinga huja pale njia inapotafutwa baada ya watu kujenga. Njia iliyokubaliwa wakati bado ni shamba haimhamishi mtu. Na ikikubaliwa na wenyeji wenyewe, wazee wa ukoo, wapangaji na wanawake wanaouza sokoni wakiwemo, haitakuwa mpango wa kuwatenga.

Wa tatu ataona haya yote ni ya kizamani: tujenge maghorofa, mambo yaishe. Ghorofa lina nafasi yake, hasa mahali ambapo ardhi imekuwa ghali. Hata hivyo, ghorofa la vyumba 40 kwenye ujia wa mita mbili halitatui lolote. Linaongeza watu, maji machafu na takataka juu ya njia ileile iliyoshindwa kubeba vyumba 10. Tena mchoro wa ghorofa mara nyingi unasahau ua, na mwanamke anayekaanga samaki hataweza kufanya kazi hiyo kwenye ngazi za ghorofa ya tatu. Kama maghorofa yatakuja Kisian, na yatakuja, yaje na uwanja wa chini ulio wazi, wenye maji na kivuli, kwa kuwa huo ndio uliokuwa moyo wa dala na ndio ulio moyo wa ploti.

Mambo ya kufanya hayahitaji mabilioni. Kabla shamba halijakatwa, bodi ya ardhi hutakiwa kutoa kibali, na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inaipa serikali ya kaunti mamlaka juu ya ugawaji na ujenzi. Kibali hicho kisitolewe kwa mchoro usioonyesha njia na mtaro unaoungana na wa jirani. Mkondo wa mto Kisian na vijito vyake viwekewe kingo zisizojengwa, kwa maana maji yatadai njia yake mvua kubwa ikinyesha, iwe imeandikwa kwenye ramani au la. Familia zinazogawa urithi zikae na jirani zao wa pande zote kabla ya kumwita mpima ardhi, wapande ojuok kuonyesha mpaka wa njia, na watie sahihi. Kazi hiyo ni ya kikao kimoja cha wazee na siku chache za mpima.

Manyatta na Nyalenda hazikupata nafasi hiyo. Mji uliwakuta wenyewe hawajui unakuja, na leo kila mita ya barabara inayopanuliwa huko inalipiwa kwa ukuta wa mtu. Kisian inajua. Ndugu mwenye shamba Kisian, kabla hujauza ploti yako ya kwanza, acha njia.