Zebaki na ubongo wa mtoto mchanga

Zebaki ni metali ya majimaji yenye sumu. Katika machimbo ya Geita na Shinyanga wachimbaji wadogo huitumia kunasa chembe za dhahabu. Mchanganyiko ukichomwa, zebaki hutoka kama mvuke.

Mjamzito akivuta mvuke huo, zebaki huingia katika damu, huvuka kondo la nyuma na kufika kwenye ubongo wa mtoto tumboni. Kwa kuwa ubongo huo bado unajengwa, mtoto anaweza kudhurika hata kama mama haonyeshi dalili. Baada ya kuzaliwa, hatari kubwa ni uchomaji unaofanyika nyumbani.

Kuchomea mbali na makazi, katika chombo kilichofungwa kinachoitwa ritoti, hupunguza mvuke. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020.