Baraza la Maneno kwa Kalamu na Karatasi

Katika michezo yote iwezayo kuwakusanya wakubwa na wadogo pasipo gharama, mchezo wa kuunda maneno kwa kalamu na karatasi una fadhila ambazo aghalabu hatuzipi haki yake. Kwani hautaki uwanja wala mpira wala umeme, na mahali kama Ihanja, katika wilaya ya Ikungi mkoani Singida, ambako baada ya mavuno watu hupata wasaa wa kuketi na kuzungumza, hapakosi kitu cha kuufanya ufane, ila mwenyeji ajuaye kuuandaa.

Chemshabongo ya miraba, tuionayo magazetini, ilianzia Marekani tarehe 21 Desemba 1913, siku ambayo Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, aliitoa katika gazeti la New York World, na tangu hapo ikaenea duniani. Lakini watu wa pwani yetu walikwisha kuwa na mchezo wao wa kuvunja maneno na kuyapanga upya, uitwao kinyume, ambao Edward Steere, aliyetoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, aliuwekea mifano: silabi ya mwisho hutangulizwa mbele, na nyumba ikawa mbanyu. Tazama basi kwamba wale waliocheza kinyume hawakulikata neno kwa herufi mojamoja, bali kwa silabi, kwa sababu ndivyo Kiswahili kinavyotamkwa na ndivyo sikio linavyokipokea. Na mwenyeji atakayeufuata msingi huo atakuwa amekwisha kuimaliza nusu ya kazi yake.

Tuchukue neno kitendawili. Likikatwa kwa herufi, lina herufi 11, na humo yatatoka maneno mengi mepesi, kama vile lakini, wakili, kiti na dini, hata mwenye kalamu ya kasi ashinde kwa wingi tu wala si kwa maarifa. Likikatwa kwa silabi, yaani ki, te, nda, wi, li, na ikawa sharti kila silabi itumike mara moja tu katika neno, mchezo hugeuka: kijana wa shule ataona upesi wiki, linda na tenda, aliyezoea porini ataandika winda, na kinda, mtoto wa ndege, na bibi aliyeketi pembeni huenda akawashinda wote kwa kite, mguno wa mwenye maumivu, na kwa kiwi, ule upofu wa kitambo unaoyapata macho yakipigwa na mwanga mkali. Hapa ndipo ilipo faida kubwa ya mchezo: msamiati wa wazee hupata thamani mbele ya vijana, na wepesi wa vijana hupata kipimo cha haki.

Kwa hiyo mwenyeji na alijaribu neno lake nyumbani kabla ya kulileta barazani, kwa maana si kila neno lina rutuba. Alizeti, ingawa ni zao linalojulikana sana Singida, likikatwa kwa silabi hutoa tia, lia na ati, kisha huishiwa. Akumbuke pia kuwaeleza wachezaji kwamba m ya mtama husimama peke yake na kuhesabiwa kuwa silabi, ilhali n ya tenda huambatana na d inayoifuata. Jambo hilo lisipotajwa mwanzoni litazua ubishi katikati ya mchezo.

Tena aweke mipaka ya vitenzi. Kiswahili huongeza viambishi mbele na nyuma ya kitenzi karibu bila kikomo, na mchezaji mjanja aweza kujaza karatasi kwa kitenzi kimoja tu. Basi vikubaliwe vitenzi kama vilivyo katika kamusi, na majina ya watu na ya miji yaachwe. Kamusi yenyewe, iwe Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyochapishwa mwaka 1981 au nyingine itakayopatikana, ikae mbele ya mwenyeji, na hukumu yake iwe ya mwisho hata ikimwangusha mwanawe. Neno la Kinyaturu, mojawapo ya lugha za asili za Singida, lisidharauliwe, bali litengewe duru yake, na wazee waijuao lugha hiyo ndio wawe mahakimu.

Jambo la kuangalia kwa bidii zaidi ni asiyejua kuandika, au asiyeona vizuri. Wachezaji na wapangwe wawili wawili, mzee na mwanafunzi, mmoja akitaja na mwenziwe akiandika, wala mtu asiulizwe mbele ya watu kama alisoma au hakusoma. Duru moja iwe ya dakika tano; kila silabi ya neno sahihi ipewe alama moja, na neno ambalo hakuna jozi nyingine iliyolipata lipewe alama maradufu, ili watu watafute maneno ya nadra badala ya kunakiliana. Karatasi zibadilishwe na jirani ndiye asahihishe, huku kila neno likisomwa kwa sauti na maana yake ikitajwa, kwa kuwa neno lisilofafanuliwa humpa mshindi alama na kuwaacha wengine walivyokuwa.

Ama zawadi, isiwe fedha, mchezo usije ukaingia kamari. Desturi ya vitendawili imetupa zawadi bora: aliyeshindwa hutoa mji, na mshindi huuchukua. Basi jozi iliyoshinda na ipewe mji uutakao, uwe Singida au Unguja, na hiyo yatosha.

Alhasili, anayetaka kuanza asingoje kukusanya umati. Watu sita, neno moja lililojaribiwa, na kamusi moja vyatosha kwa jioni ya kwanza. Watu wakiona kwamba hukumu ilikuwa moja kwa mkubwa na kwa mdogo, hawatahitaji kubembelezwa kurudi.