Kumwaga Zege Chini ya Maji

Wako watu wanaodhani kwamba zege haliwezi kushika ndani ya maji. Sivyo. Zege halishiki kwa kukaushwa na jua, bali kwa sababu saruji na maji huungana na kuwa kama jiwe. Ndiyo maana fundi mwema hulimwagia maji zege jipya kwa siku kadhaa. Linaloharibu zege ni kuoshwa: likitupwa ziwani ovyo, saruji huchukuliwa na maji, zikabaki kokoto na mchanga tu.

Wakaao kando ya Ziwa Victoria, katika Homa Bay na Migori, wana sababu ya kuijua kazi hii. Katika miaka ya 1980 kisiwa cha Rusinga kiliunganishwa na Mbita kwa tuta. Watu walivuka kwa urahisi, lakini mkondo ulizibwa, na mashua zikakosa njia. Katika miaka ya 2010 lilijengwa daraja, na maji yakapita tena. Tuta huziba maji. Daraja huyapisha, ila huhitaji nguzo zenye msingi imara.

Msingi unapowekwa chini ya maji, mzamiaji hushuka kwanza kuondoa matope na kuziba nyufa za kalibu. Kisha bomba refu, lenye mdomo mpana juu, huteremshwa hadi chini. Zege laini, lenye saruji ya kutosha, humiminwa humo. Sheria kuu ni moja: ncha ya bomba izame daima ndani ya zege lililokwisha kumwagwa. Hivyo zege jipya huingia chini ya lile la kwanza na kulisukuma juu, na ni tabaka la juu tu linaloguswa na maji. Bomba huinuliwa polepole, na kazi haikatizwi. Ncha ikichomoka, maji huingia, na ndani ya nguzo hubaki sehemu dhaifu isiyoonekana na mtu.

Maji yakiwa machafu, mzamiaji haoni kitu. Hupima kazi kwa kupapasa, akizungumza na wenzake wa juu kwa simu ya waya. Tena kila mita 10 za kina humwongezea uzito mkubwa wa maji mwilini. Akipanda upesi, mapovu ya hewa hutokea katika damu na viungo, naye aweza kulemaa au kufa. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi. Kwa hiyo majedwali ya wazamiaji wa baharini hayafai kufuatwa hapa bila kurekebishwa.

Basi, kijana atakaye kazi hii asidhani kwamba kujua kuogelea kunatosha. Na ajifunze kwanza, awe na subira, na awe mwaminifu; maana kazi yake haikaguliwi kwa macho, na wengi watapita juu yake wakiitegemea.