Bomba la hewa la motaboti ya mashindano halifai gari la Nuu

DEREVA anayetoka mjini Mwingi kuelekea Nuu, katika Kaunti ya Kitui, hukabiliana na maadui wawili wa injini ambao ni nadra kukutana mahali pamoja. Kwa miezi mingi ya mwaka adui ni vumbi. Mvua za Novemba na Desemba zinaponyesha, mito ya mchanga iliyokuwa mikavu hufurika kwa saa chache, na adui huwa maji. Wote wawili huingilia mlango mmoja, nao ni njia ambayo injini hupitishia hewa.

Ni njia hiyo hiyo ambayo wenye magari hushawishiwa kuibadilisha. Hunadiwa manifoldi fupi na pana, pamoja na vichujio vilivyo wazi, kwa ahadi kwamba gari litaongezeka nguvu. Ahadi hiyo si ya uongo kabisa, ila haikukusudiwa barabara ya aina hii.

Manifoldi ya kuingizia hewa ni mkusanyiko wa mabomba yanayoigawia kila silinda hewa yake. Injini ya lita 3 isiyo na tabo, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, huvuta karibu lita 3,000 za hewa kila dakika, yaani mita 180 za ujazo kwa saa. Hewa hiyo haitiririki mfululizo kama maji ya mfereji. Hukatizwa kila mara vali inapofungwa, ikarudi nyuma kwa wimbi. Bomba refu na jembamba hulifanya wimbi hilo liifikie tena vali kwa wakati unaofaa injini inapozunguka polepole. Bomba fupi na pana hufanya hivyo injini inapokwenda kasi sana.

Tofauti hii huonekana wazi zaidi majini. Waundaji wa motaboti zenye injini za petroli za silinda nane na kabureta huchagua kati ya manifoldi ya chumba kimoja, yenye mikono mifupi iliyonyooka, na ile ya vyumba viwili, ambayo mikono yake ni mirefu. Ya kwanza ni ya mashindano. Ya pili ndiyo hufaa boti nyingi za kazi na za matembezi, kwa kuwa propela haijui mteremko. Injini ya boti huvuta mzigo kama lori linalopanda mlima usiokwisha. Mnunuzi wa boti pia hutazama jambo lisilomhusu mtu wa bara: manifoldi ya alumini ikipitishiwa maji ya chumvi ya kupoza injini huliwa upesi.

Gari linalokokota magunia katika mchanga huzunguka polepole, chini ya mzigo mzito. Kwa gari la namna hiyo manifoldi ya kiwandani ndiyo bora, na fedha zilizotengwa kwa ajili ya ile ya kasi zingefaa zaidi kununulia kichujio kizuri na mipira mipya ya hewa.

Vumbi halivunji injini kwa siku moja. Chembe zilizo laini kuliko unga hupita kati ya pistoni na ukuta wa silinda zikisugua kama msasa. Ringi hulegea, gari likaanza kula oili, kutoa moshi wa samawati na kusumbua kuwaka asubuhi. Mara nyingi lawama hutupiwa kichujio, ilhali kosa huwa nyuma yake, katika mpira uliopasuka au kifungo kilicholegea kati ya kichujio na manifoldi. Uchunguzi wake hauhitaji mtambo wowote. Bomba hilo likifunguliwa na kupanguswa ndani kwa kitambaa cheupe, kitambaa chapaswa kutoka safi. Kikitoka chekundu, injini imekuwa ikivuta udongo. Kupuliza kichujio cha karatasi kwa kompresa yenye nguvu nako huleta hasara, maana hutoboa matundu yasiyoonekana kwa macho.

Maji, kwa upande wake, hayana subira. Katika magari mengi madogo mdomo wa kuvutia hewa huwa karibu na taa za mbele, na gari linapoingia mtoni kwa kasi hujisukumia wimbi hadi hapo. Tuchukue injini ya dizeli ya lita 3 yenye silinda 4, inayobana hewa mara 20. Nafasi inayobaki juu ya kila pistoni ifikapo kileleni ni takriban mililita 40, sawa na vijiko vinane vya chai. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Yakizidi kipimo hicho, pistoni hugonga ukuta na mkono wake hupinda.

Ndiyo sababu magari ya safari ngumu hufungwa bomba linalopanda kando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa. Huko juu hewa pia ina vumbi dogo kuliko chini ya boneti. Lakini bomba hilo lina maana tu iwapo kila kiungo kimezibwa hadi kwenye kichujio. Mengine ni mapambo matupu, yana mdomo juu na upenyo chini.

Hata lililofungwa vyema haliwi kibali cha kuvuka. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya na wageni wengine waliokuwa wakienda harusini Nuu lilisombwa na Mto Enziu, na zaidi ya watu 30 wakafa. Nguvu ya mkondo ndiyo iliyolisukuma. Maji ya kina cha sentimita 60 yanayokwenda kasi yatosha kusomba magari mengi ya kawaida, injini iwe inapumua au la. Bomba la juu huilinda injini. Abiria hulindwa na dereva anayekubali kungoja ng'ambo hadi maji yapungue.

Gari likizimikia majini kisha likavutwa nje, kishawishi cha kwanza ni kupiga stata. Hapo ndipo injini nyingi ambazo zingepona humalizwa. Fundi hufungua kwanza plagi, au nozeli kwa injini ya dizeli, akaizungusha kwa mkono ili maji yatoke kupitia matundu hayo. Kisha huchomoa kijiti cha kupimia oili. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, humwagwa yote na kubadilishwa kabla ya ufunguo kuguswa.