KUNGURU MGENI UANI: JINSI YA KUMTAMBUA

Wasomaji wakaao bara, hasa kando ya barabara kuu itokayo Mombasa, huenda siku moja wakamwona uani ndege ambaye hawakupata kumwona hapo kabla. Ni kunguru, lakini si kunguru wao wa siku zote. Yafaa kila mwenye nyumba ajue kumtambua, kwani ndege huyu akiisha kuzoea mahali, kumwondoa ni kazi kubwa.

Kwanza, mtazame shingo. Kunguru wetu wa kawaida ana kifua cheupe na ukosi mweupe, kana kwamba amevaa kizibao cheupe. Mgeni huyu hana weupe wo wote. Shingo na kifua chake ni vya rangi ya majivu. Uso, koo, mabawa na mkia ni vyeusi.

Pili, tazama umbo lake. Mgeni ni mwembamba, tena mdogo kidogo: urefu wake wapata sentimita 40 tangu mdomo hata mkia. Wako pia kunguru weusi mwili mzima, na wale wa milimani wenye mdomo mnene na baka jeupe kisogoni. Hao nao ni wenyeji, wasidhaniwe kuwa ndiye.

Tatu, angalia mwenendo wake. Hakai mbali na watu. Hufuata majaa, masoko na majiko, na kwa kawaida huja na wenzake.

Asili yake ni India na nchi za jirani. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji. Mwaka 1947 alionekana Mombasa, akaenea Pwani yote, kisha akaifuata barabara mpaka Voi na kuzidi kuelekea bara. Watu wa Mombasa humwita kurabu, na wamjua vema.

Lakini hali takataka tu. Huiba mayai, hunyakua vifaranga vya kuku, na kuvunja viota vya ndege wadogo kama chozi na mnana. Wengi wa ndege hao hula wadudu waharibuo mimea. Basi mkulima hupata hasara mara mbili, bandani na shambani.

Ukimwona, fanya hivi. Iarifu upesi ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori iliyo karibu nawe, ukitaja mahali, siku na idadi ya ndege. Picha iliyopigwa kwa simu itasaidia sana. Funika takataka au uzifukie, kwa maana pasipo chakula hatakaa. Kuku wenye vifaranga uwaweke mahali palipozibwa kwa wavu.

Usitege sumu kwa mkono wako. Sumu haichagui: yaweza kumwua tai, mbwa wa jirani, hata mtoto achezaye uani. Wala usimpige mawe kunguru mwenye kifua cheupe kwa kosa asilolitenda.

Kunguru wawili waweza kuondolewa na wataalamu kwa muda mfupi. Wakiisha kujenga viota na kuwa maelfu, kazi hiyo huchukua miaka mingi na fedha nyingi, kama ilivyoonekana Pwani. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.